Vifuniko vitatu saa 9 usiku: uchambuzi wa kisa cha mraibu wa pombe aliyekosa usingizi

"Daktari, pombe si shida yangu. Shida yangu ni usingizi."

Ndivyo alivyoanza, hata hajakaa vizuri kwenye kiti. Mwanamume wa miaka 46, fundi wa mitambo, mwenye mke na watoto watatu, macho mekundu, mkono wa kulia ameukalia ili nisione unavyotetemeka. Ilikuwa saa 4 asubuhi na tayari alikuwa ananuka pombe. (Maelezo yake nimeyabadilisha na kuyachanganya na ya wagonjwa wengine, kwa hiyo asitafutwe mtu.) Sentensi ile niliiandika kwenye faili neno kwa neno, nikaipigia mstari, nikiiona kuwa mfano safi wa mgonjwa anayejidanganya. Miezi michache baadaye nililifungua faili lilelile nikakubali kwamba nusu ya sentensi ilikuwa kweli, na kwamba nusu hiyo ndiyo niliyoipuuza.

Hakuanza kunywa kwa starehe. Miaka 11 kabla ya siku hiyo alipangiwa zamu za kupokezana kiwandani, wiki mbili usiku, wiki mbili mchana. Akitoka zamu saa 1 asubuhi, jua limeshachomoza, mwili unagoma kulala. Mwenzake wa zamu akamfundisha dawa: pombe kali kidogo, kisha kitandani. Ikafanya kazi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilala dakika kumi baada ya kunywa, na hakuna aliyemwita mlevi, maana hakuonekana baa wala hakuyumba njiani.

Kisha kile kidogo kikaacha kutosha. Watu hupenda kusema hapo ndipo tabia ilipomshinda, lakini ni kazi ya ubongo tu. Nguvu ya pombe ya kumlaza mtu hufifia upesi, ndani ya siku chache za kunywa mfululizo, wakati uharibifu wake wa usiku unabaki palepale. Mtu anaongeza kipimo ili apate kilekile cha jana. Miaka mitano baadaye alitolewa kwenye zamu za usiku, ila pombe haikuondoka na zamu. Alipofika kwangu alikuwa akimaliza nusu chupa ya mililita 750 kila jioni, pombe ya asilimia 40. Ukipiga hesabu unapata takriban gramu 118 za pombe halisi. Kipimo kimoja cha kawaida katika mahesabu ya Shirika la Afya Duniani ni gramu 10. Yaani karibu vipimo 12 kwa usiku mmoja, kwa mtu aliyeniambia "nakunywa kidogo cha kulalia".

Usiku wenyewe

Nilimwomba anisimulie usiku wa jana yake, saa kwa saa. Swali hili nalithamini kuliko madodoso mengi, mtu akiulizwa "unalalaje?" hujibu "vibaya", lakini akiulizwa alifanya nini saa 8 usiku inabidi akumbuke.

Alianza kunywa saa 12 jioni. Saa 4 usiku akaanguka kitandani na viatu miguuni. Saa 8 akaenda kukojoa, saa 8 na nusu tena. Saa 9 akashtuka kabisa, moyo unamdunda, fulana imelowa jasho, akili imeamka kana kwamba mtu kamwita kwa jina lake. Kutoka hapo ni mang'amung'amu: akifumba macho anaota ndoto za kutisha, akifumbua anakuta zimepita dakika sita. Saa 11 alfajiri akaingiza mkono chini ya kitanda, upande wa ukutani. Chupa huwa imelazwa ndani ya soksi ya mpira wa miguu, ili isigonge sakafu mke akasikia. Mafunda mawili ya kuzimua. Mikono ikatulia, akaoga, akaenda kazini.

Usiku ule wote unaelezeka. Pombe huipa nguvu gaba, kemikali inayotuliza ubongo, na kuikandamiza glutamati inayouchangamsha. Kwa sababu hiyo mtu anapitiwa na usingizi upesi, na nusu ya kwanza ya usiku inakuwa na usingizi mzito kuliko kawaida. Wakati huohuo usingizi wa ndoto unazuiwa. Ini linaendelea kuisafisha pombe, na kadiri kiwango kinavyoshuka ndivyo ubongo unavyodai kilichozuiwa: ndoto zinarudi kwa fujo, usingizi unakatikakatika, mapigo yanapanda. Safari za chooni nazo zina sababu, kwani pombe huizima vasopresini, homoni inayoziamuru figo zibakize maji mwilini.

Kwa mnywaji wa miaka mingi kuna la ziada. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hujirekebisha ili uweze kufanya kazi. Vipokezi vya gaba vinapungua usikivu, vya glutamati vinaongezeka. Mtu wa namna hiyo hahitaji damu yake iwe haina pombe kabisa ndipo augue. Kiwango kikishuka tu, arosto, yaani kuugua kwa kukosa pombe, inamkuta kitandani. Jasho lile la saa 9 lilikuwa arosto ndogo ya kila usiku, na chupa iliyokuwa ndani ya soksi ndiyo ilikuwa tiba yake. Alichosema kwamba pombe inamlaza kilikuwa kweli. Asichokiona ni nani aliyekuwa akimwamsha.

Kwenye dodoso la AUDIT, la kupima unywaji wa pombe, lenye maswali 10 na alama 40, alipata 29. Alama 20 na kuendelea humfanya mhudumu ashuku utegemezi. Kwenye kipimo cha ukali wa kukosa usingizi, ambacho mwisho wake ni alama 28, alipata 24. Mfukoni alikuwa na pakiti ya vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, alivyopewa kwingine na mtu ambaye hakumuuliza anakunywa kiasi gani. Alikuwa akivimeza juu ya pombe. Hilo lilinitisha kuliko alama zote, maana pombe na vidonge hivyo hufanya kazi kupitia gaba ileile, na vikikutana vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala.

Siku 8 za wodi

Alitaka kuacha siku hiyohiyo, nyumbani, kwa ujasiri wake. Nikakataa. Miaka mitatu nyuma alishajaribu hivyo, na siku ya pili akaanguka kifafa mbele ya watoto. Dalili za arosto ya pombe huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya funda la mwisho. Kifafa, kikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Weweseko kubwa, lile la kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, kupanda homa na moyo kwenda mbio, hujitokeza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na lisipotibiwa linaua. Aliyewahi kupata kifafa cha arosto yuko karibu zaidi na kingine, kwa sababu kila arosto humwachia ubongo mwepesi zaidi wa kuchokozeka safari ijayo. Mtu anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka asikate pombe ghafla akiwa peke yake. Hilo nalisema hapa kwa sababu najua kuna atakayesoma akifikiria kujaribu usiku huuhuu.

Wodini alipewa thiamini, yaani vitamini B1, kwa sindano, ili kuulinda ubongo, na diazepamu iliyopunguzwa siku hadi siku kufuatana na dalili. Ndiyo, diazepamu, dada wa vile vidonge nilivyovilaani. Kwa siku chache, chini ya uangalizi, ina kazi yake. Kwa miezi, juu ya pombe, ni jambo jingine kabisa.

Usiku wa kwanza alilala saa mbili, wa pili saa tatu. Siku ya tano mikono ilitulia, jasho likakata, akaanza kula na kutaniana na wauguzi. Usingizi tu ndio haukurudi. Siku ya 8, faili la kuruhusiwa likiwa mkononi mwangu, akauliza, "Daktari, na usingizi je?"

"Pombe ikishatoka mwilini, usingizi utarudi wenyewe," nikamwambia. "Vumilia."

Vumilia

Nilisema nilichofundishwa. Wengi wetu bado tunasema hivyo: acha pombe kwanza, mengine yatajipanga. Ni ushauri unaosikika wa busara na ambao haumgharimu kitu anayeutoa.

Ukweli ni kwamba kukosa usingizi baada ya kuacha pombe ni jambo la kawaida mno. Tafiti zilizohesabu tatizo hili kwa watu wenye utegemezi zimepata kuanzia asilimia 36 hadi 91, kutegemea nani kapimwa na kwa kipimo gani. Tena halidumu wiki. Sean Drummond na wenzake, katika utafiti wao wa 1998, waliwafuatilia watu walioacha pombe na kukuta kasoro za usingizi zikiendelea hata baada ya miezi 27. Usingizi mzito unabaki haba, usiku unabaki na vipande. Mtu aliyeambiwa "utarudi wenyewe" akafika siku ya 20 haujarudi, anahitimisha mojawapo ya mawili: ama daktari hajui, ama yeye kaharibika moja kwa moja.

Mwaka 2001 Kirk Brower na wenzake huko Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 172 waliokuwa wakitibiwa utegemezi wa pombe. Asilimia 61 walikuwa na dalili za kukosa usingizi katika miezi sita iliyotangulia. Katika 74 waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi mitano, walioanza wakiwa na tatizo la usingizi walirudia pombe kwa asilimia 60. Wasio na tatizo hilo, asilimia 30. Ni utafiti mdogo, lakini ungetosha kunifanya niulize swali moja zaidi siku ile ya 8.

Mgonjwa wangu alirudia siku ya 23. Alivyonieleza, naandika kama alivyosema:

"Ilikuwa saa 9 na dakika kumi. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshaiangalia simu mara nyingi. Sikupata hata lepe tangu saa 3. Mke wangu alikuwa pembeni, anahema taratibu, amelala kama mtoto. Nikamchukia, daktari. Hakunikosea lolote. Nilimchukia kwa sababu analala. Nikaona nikibaki pale nitamfanyia jambo baya kwa maneno, basi nikaamka. Chupa ilikuwepo stoo, ya mafuta ya taa ukiitazama, lakini ndani si mafuta. Sikuweka kwenye glasi. Nilipima kwa kifuniko. Kimoja, viwili, vitatu. Nikafunga, nikarudisha. Kama mtu anayekunywa dawa ya kifua. Nikalala saa nne mfululizo. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule maishani."

Nimesoma maelezo mengi ya kurudia pombe, lakini hiki kifuniko kilinikaa. Mtu huyu hakurudi kwa sababu ya marafiki, wala sherehe, wala msongo wa kazi, yale mambo matatu tunayoyachora ubaoni kwenye vikao vya kundi. Alirudi kama mgonjwa anayejitibia, kwa kipimo alichokihesabu. Na tiba ikafanya kazi usiku ule, jambo ambalo ni baya kuliko kama ingeshindwa. Siku tisa baadaye alikuwa amesharudi kwenye nusu chupa.

Daftari

Safari ya pili tulirudia wodi vilevile, kisha siku ya 10 nikampa daftari la shule na kalamu. Kila asubuhi aandike: aliingia kitandani saa ngapi, anadhani alipitiwa saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka kitandani saa ngapi. Nilimwambia pia kitu ambacho mara ya kwanza sikumwambia: usiku utakuwa mbaya kwa miezi, utaboreka polepole na kwa kurudi nyuma, na kwamba hiyo si dalili ya kuharibika. Alininyamazia kidogo, halafu akasema, "Bora ungeniambia mara ya kwanza." Sikuwa na la kujibu.

Ukurasa wa wiki ya kwanza ulikuwa wazi kuliko vipimo vyote vya maabara. Kitandani saa 2 usiku. Kutoka saa 12 asubuhi. Saa 10 za kulala chali. Usingizi wenyewe, ukijumlisha vipande, ulikuwa wastani wa saa 4 na nusu. Asilimia 45 tu ya muda wa kitanda. Kisha, kwenye pambizo, kwa mwandiko mdogo: "mchana nililala kochi saa 8 mpaka 10."

Kwa nini saa 2 usiku? Mke ndiye aliyempeleka. Alikuwa ameogopa saa za jioni, zile saa za kunywa, akaona njia salama ni kumlaza mapema, kuzima taa na kufunga mlango. Ni upendo mtupu, na ndio uliokuwa ukiharibu usiku. Mtu anayelala chali saa kumi akisubiri usingizi wa saa nne na nusu anajifunza jambo moja tu, kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Nikapendekeza aingie kitandani saa 6 usiku na kutoka saa 11 na nusu alfajiri, alale asilale. Mke akanitazama kwa muda.

"Daktari, mtu anaumwa usingizi, halafu wewe unamnyima kitanda?"

Swali lake ni la haki, na kila familia huuliza. Njia hii ya kubana muda wa kitanda ilielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987. Mantiki yake ni kuiacha njaa ya usingizi ijikusanye hadi ishinde. Usingizi ukianza kujaza asilimia 85 ya muda wa kitanda, unaongeza dakika 15, wiki inayofuata tena 15. Huambatana na kanuni za Richard Bootzin za mwaka 1972: kitanda ni cha kulalia tu, usingizi usipokuja kwa takriban dakika 20 unatoka, unarudi ukisinzia, na unaamka saa ileile kila siku. Hizi ni sehemu za tiba ya utambuzi na tabia kwa ajili ya kukosa usingizi, ambayo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2016 kilisema itangulie dawa kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu. Imejaribiwa kwa walioacha pombe na inaboresha usingizi wao. Kwamba inazuia kurudia pombe, ushahidi wake bado ni mwembamba, na sikumwahidi hivyo.

Kwa mtu huyu kulikuwa na mambo mawili ya kuangalia kwanza. Kukosa usingizi kwaweza kuchokoza kifafa, na yeye alikuwa na historia. Kwa hiyo tulisubiri hadi wiki ya nne bila pombe, na sikushusha muda wa kitanda chini ya saa 5 na nusu. La pili, anashika mitambo. Wiki mbili za kwanza za njia hii mtu husinzia mchana kuliko awali, na mtambo hauna huruma. Akahamishiwa kwa muda kwenye meza ya matengenezo, na funguo za gari akampa mke.

Kisha kukawa na swali ambalo vitabu vya usingizi haviliulizi: ukimtoa mraibu kitandani saa 9 usiku, unampeleka wapi? Nyumba imelala, yuko peke yake, ni saa ileile ya vifuniko. Stoo ilisafishwa, na hilo ni jepesi. Ugumu ulikuwa kumpatia mikono yake kazi. Alianza kwa kutengeneza redio mbovu. Ikawa kosa, maana kufikia saa 11 alikuwa amelehemu nyaya zote na macho makavu. Tukatafuta kitu cha kuchosha zaidi. Akaleta ndoo ya skrubu na nati zilizochanganyika miaka yote ya ufundi wake, akawa anazichambua kwa ukubwa kwenye makopo, taa hafifu, kiti kigumu. Kwenye daftari ikaonekana safu mpya ambayo sikuiagiza. "Saa 8.40, skrubu 64." "Saa 9.05, skrubu 31." Wiki ya tatu: "skrubu 12, nikasinzia." Saa ya ukutani iliondolewa na simu ikalala sebuleni kifudifudi, muda huu aliukadiria asubuhi, na nilimwambia kukadiria kunatosha.

Kahawa tuliigundua kwa bahati. Tangu aache pombe alikuwa amefikia vikombe saba kwa siku, cha mwisho saa 1 jioni. Kafeini huhitaji takriban saa 5 ili nusu yake itoke mwilini, na kwa wengine zaidi, kwa hiyo kikombe hicho kilikuwa kinafanya kazi naye usiku wa manane. Cha mwisho kikawa saa 6 mchana. Sigara ya kila anapoamka usiku ilichukua muda mrefu zaidi, na bado hatujaimaliza.

Dawa

Alitaka kidonge. Sikumlaumu.

Vidonge vya jamii ya diazepamu havikuwa mjadala. Kwa mraibu wa pombe ni kuhamisha utegemezi kutoka chupa hadi pakiti, na akirudia pombe usiku mmoja vinaweza kumuua. Trazodoni, dawa ya sonona inayosinzisha, huandikwa sana kwa kuwa haina sifa mbaya ya kulevya, na nilikuwa nikiiandika mwenyewe. Lakini Peter Friedmann na wenzake mwaka 2008 waliwapa watu 173 waliotoka kuacha pombe ama trazodoni ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata trazodoni walilala vizuri zaidi walipokuwa wakiitumia. Siku zao bila pombe, hata hivyo, hazikuongezeka kama za wenzao, na dawa ilipokoma siku za kunywa walikunywa zaidi. Tangu nisome hilo, mkono wangu hukawia.

Tukachagua akamprosati ya kusaidia kutorudia pombe, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hugusa usingizi kidogo pia, na gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, kwa wiki 12. Utafiti wa Barbara Mason na wenzake wa mwaka 2014, wenye watu 150 na wiki 12, ulionyesha kuwa waliopata gabapentini miligramu 1800 kwa siku waliweza kutokunywa kabisa kwa asilimia 17, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa kidonge tupu, na usingizi wao ukaboreka. Dawa zote mbili hutolewa na figo, jambo lililotufaa kwa kuwa vipimo vya ini lake vilikuwa juu na figo zilikuwa nzima. Gabapentini si peremende. Kuna wanaoitumia vibaya, na ikikutana na dawa za afyuni au na mtu mwenye pumzi dhaifu ni hatari. Ilitolewa ya wiki moja moja, mke akiitunza.

Hilo la pumzi dhaifu ningelifikiria mapema zaidi.

Mkoromo

Wiki ya saba bila pombe daftari lilikuwa zuri. Kitandani saa 5 na nusu usiku, kutoka saa 11 na nusu, usingizi saa 5 na dakika 10 katika saa sita, asilimia 86. Lakini mtu mwenyewe alikuwa amechoka kama siku ya kwanza. Anaamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, anasinzia kwenye foleni ya kliniki. Nikafikiri anaandika uongo. Mke, aliyekuwa amekaa kimya, akatoa simu.

"Sikiliza hii, daktari."

Dakika mbili za mkoromo mzito, kama mtu anayekokota kabati sakafuni. Kisha kimya. Nikahesabu hadi 20. Kisha pumzi ya kukwama, kama aliyeibuka majini, na kabati likaendelea. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu nimeolewa. Nilidhani ni ulevi."

Mimi pia ningedhani hivyo, na hapo ndipo wengi hupotea. Pombe hulegeza misuli ya koo na kuufanya ubongo uchelewe kuamka hewa inapokatika, kwa hiyo mlevi hukoroma na pumzi zake hukatika zaidi. Ukiondoa pombe, hali hupungua. Haiishi kama koo lenyewe ni jembamba na shingo ni nene. Alipopimwa usiku mzima, pumzi zilizuiwa kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Chini ya 5 ndiyo kawaida, 15 hadi 30 ni kiwango cha kati. Gabapentini tulianza kuipunguza wiki hiyohiyo, mapema kuliko nilivyopanga, na akapewa mashine ya kusukuma hewa yenye barakoa ya puani. Aliichukia kwa siku tisa. Siku ya kumi aliandika kwenye daftari neno moja, "nimeota", na nilipomuuliza aliota nini akasema hakumbuki, ila ilikuwa ndoto ya kawaida, ya mtu anatembea.

Ndoto zilihitaji mazungumzo yake pia. Mwezi wa tatu aliota amekunywa, akaamka akinusa mikono yake mwenyewe, akamwamsha mke amnuse mdomo. Alikuja kliniki siku hiyo bila miadi, akiamini amerudia pombe usingizini. Ndoto za namna hii ni za kawaida kwa walioacha. Tangu hapo huwaambia wagonjwa mapema, siku ya daftari, ili zikija ziwakute wanazijua.

Mwezi wa tano aliteleza usiku mmoja, baada ya msiba, vipimo vinne kwa maelezo yake. Kesho yake alipiga simu mwenyewe. Kilichonishangaza ni malalamiko yake: "Nimelala vibaya kuliko siku zote." Pombe ilimwamsha saa 9, kama zamani, na safari hii alijua ni nani aliyemwamsha.

Sasa ni mwezi wa nane. Analala kati ya saa 6 na saa 6 na nusu, anaamka mara moja au mbili, alama zake za kukosa usingizi ni 10 katika 28. Bado kuna wiki mbaya. Daftari anajaza Jumapili tu. Wiki iliyopita aliniletea karatasi ya kazini: kiwanda kimepungukiwa na watu, kinataka arudi zamu za kupokezana, na kuna nyongeza ya mshahara. Anaihitaji, watoto watatu si mchezo. Nimeandika barua nikieleza kwamba kwa sababu za kiafya asipangwe usiku, bila kutaja ni sababu gani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza kama naweza kuongeza neno "kamwe". Nikaongeza. Jibu lao tunalisubiri.